Shilingi ya korosho inapita mikono mingapi kabla haijavuka Daraja la Mkapa?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa kilimo ninaousoma unaanzia pale pale: kilimo ni uti wa mgongo, kinachangia kama robo ya pato la taifa, kinaajiri karibu theluthi mbili ya watu wetu. Baada ya hapo watu wanahamia kwenye siasa na mimi naondoka sijashiba. Leo naomba tushuke chini tuongelee mkoa. Mimi naujua Mtwara, na Lindi kwa kiasi. Nina duka la vipuri vya pikipiki Masasi, na baba yangu ana mikorosho Newala. Hela ya korosho naiona ikitoka kwa mkulima, na naiona tena ikifika kaunta kwangu.

Tumezoea kupima korosho kwa tani na kwa bei ya mnada. Siku ya mnada wa kwanza simu zinaita mpaka usiku, kila mtu anauliza "wameanza na ngapi?" Sawa, bei ni muhimu. Lakini bei haikuambii mkoa umebakiwa na nini. Swali langu ni hili: shilingi ya korosho ikishaingia mkononi mwa mkulima, inapita kwa watu wangapi wa huku huku kabla haijavuka Daraja la Mkapa kuelekea Dar?

Kwa wasiopajua, daraja hilo liko Rufiji na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo tulivuka kwa pantoni, na masika yakikolea kusini ilikuwa kama kisiwa. Wazee wetu walilililia daraja miaka mingi, na haki yao. Ila daraja linapitisha mizigo pande zote mbili, na hela pia.

Nianze na msimu wa 2018/19, maana ndio ulionifungua macho.

Msimu uliotangulia, 2017/18, zilivunwa tani zaidi ya 300,000 nchi nzima na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada. Watu walianza nyumba, walinunua pikipiki, walioa. Ulipoingia Oktoba 2018 kila mtu alikuwa ameshakopa akitegemea bei ile ile. Minada ikafunguliwa, wanunuzi wakaja na bei chini ya shilingi 3,000, wakulima Tandahimba na Newala wakagoma kuuza. Rais Magufuli akakaa na wanunuzi, ikasemwa bei isiwe chini ya 3,000. Wanunuzi wakasuasua. Novemba 10 mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, wakaondolewa, na siku mbili baadaye ikatangazwa kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na Jeshi litasimamia kuzikusanya. Ukaja na uhakiki: aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kwanza aonyeshe shamba.

Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri, sitamkatalia mtu. Tatizo lilikuwa muda. Kuna waliolipwa mapema, na kuna waliokaa miezi mingi na karatasi mkononi.

Sasa njoo dukani kwangu. Mimi naandika madeni kwenye daftari la kaunta, lile jeusi lenye mgongo mwekundu. Mwaka wa kawaida, kuanzia katikati ya Novemba kazi yangu kubwa ni kupiga mistari: huyu kalipa, futa, huyu kalipa nusu, andika upya. Novemba ile sikupiga mstari hata mmoja. Desemba miwili. Januari nikakaa nikahesabu majina: 31. Nikawapitia mmoja mmoja nani ni nani. Wakulima wa korosho walikuwa 9. Waliobaki walikuwa bodaboda, mafundi waashi, mpaka rangi mmoja, mama mwenye kibanda cha chakula stendi ambaye pikipiki yake anamkodisha kijana, fundi cherehani, mwalimu wa tuisheni. Hawana hata mkorosho mmoja. Na wote walikwama siku ile ile waliyokwama wakulima.

Kwangu mimi daftari lile lilieleza nafasi ya kilimo katika uchumi wa mkoa kuliko asilimia yoyote. Hela ilipoacha kutoka shambani, ndipo nilipoona ilikuwa inafika wapi.

Naendelea chini, ngoja nihudumie mteja.

Mleta mada

Nimerudi. Tuifuate shilingi yenyewe.

Mwaka wa mkulima wa korosho unaanza mapema kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Kwanza palizi na kukata matawi. Kuanzia Mei, Juni hivi, kupulizia. Nilikuwa namsindikiza baba nikiwa shule ya msingi, tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Lazima iwe alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani, unga wa salfa unanata. Baba anabeba mashine mgongoni, inanguruma, wingu la njano linapanda mpaka kileleni mwa mkorosho halafu linashuka taratibu kwenye maua. Sisi watoto kazi yetu ni kumimina salfa mashine ikiisha. Jua likichomoza tunaacha. Macho yanawasha siku nzima, na nguo hata ukifua harufu haitoki.

Salfa ile ndiyo iliyoirudisha korosho duniani kwa wakulima wa huku. Vijana hawajui kwamba zao hili lilikaribia kufa. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000. Mwaka 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,500. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, shamba likawa mwendo wa saa mbili kwa miguu, nani akapalilie? Bei ya kumlipa mkulima ilikuwa ndogo. Na juu ya yote ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, unaokaa kwenye ua kama majivu na ua linakauka kabla halijashika tunda. Watafiti wa Naliendele, pale nje kidogo ya Mtwara mjini, ndio walioukalia ugonjwa huu kooni, kwa salfa na kwa miche bora. Nikisikia mtu anasema utafiti wa kilimo haulipi, namwambia aje aone paa za bati Newala.

Haya, hela inagawanyika vipi? Iliyobaki kwa watu wa huku: vibarua wa palizi, wapuliziaji wa kukodi, akina mama waokotaji, wenye pikipiki na matrekta wanaopeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, wapakiaji wa ghala. Mkulima akishalipwa: fundi mwashi, mfyatua tofali, mchinjaji, mwenye saluni, ada ya mtoto. Hii inazunguka vizuri.

Iliyotoka: salfa inatoka nje ya nchi. Mashine ya kupulizia inatoka nje. Magunia ya juti mengi yanatoka nje, na kuna misimu korosho zimekaa chini zikisubiri magunia. Bati, saruji ya zamani kabla hatujapata kiwanda, pikipiki, vipuri ninavyouza mimi mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, korosho yenyewe inaondoka na ganda lake. Kilo nne mpaka tano za korosho ghafi ndizo zinazotoa kilo moja ya korosho iliyobanguliwa. Tunalipia meli ibebe maganda mpaka India na Vietnam, na kazi ya kuyatoa hayo maganda anaipata mtu wa Kollam, huko India.

Mdau, Tandahimba

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kitu. Hiyo shilingi kabla haijamfikia mkulima imeshapita mikono mingi na kila mkono umechukua chake. Chama cha msingi, chama kikuu, mwenye ghala, halmashauri, bodi. Mnada unasema bei fulani, mkulima anapokea nyingine. Na kangomba je? Nusu ya kijiji changu wanakuwa wameshauza korosho zikiwa ua.

Mleta mada

Mkuu wa Tandahimba, uko sahihi, na hayo mambo mawili ni tofauti kwa hiyo nitayatenga.

Makato kwanza. Kabla ya stakabadhi ghalani kuanza Mtwara msimu wa 2007/08, mnunuzi alikuwa anakuja kijijini na bei yake na mizani yake. Baba anasema ukikataa anapanda gari anaenda kijiji cha pili, na wewe korosho zako zinaendelea kunyonya unyevu ndani. Ghala lilibadilisha hilo. Korosho za watu elfu moja zinawekwa pamoja, zinapimwa, zinaandikiwa karatasi, wanunuzi wanashindana. Siku hizi ushindani wenyewe umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa. Mimi ni mtetezi wa mfumo huu, natamka wazi. Makato ni gharama ya kuuendesha, tena makato mengine yanabaki mkoani.

Chukua ushuru wa halmashauri. Mpaka 2017 ulikuwa asilimia 5, ukapunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kilo ikiuzwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 90 kwa kilo, shilingi 90,000 kwa tani. Halmashauri kama ya Tandahimba au Newala haina viwanda vingi wala mahoteli mengi ya kutoza. Madawati, zahanati na posho za vikao vyote vinaitazama korosho. Kwa hiyo msimu ukiharibika hata mtumishi wa halmashauri, ambaye anajiona yuko nje ya kilimo, anaona ofisi haina mafuta ya gari.

Kinachoniuma ni makato yasiyoelezeka. Chama cha msingi cha kijiji kimoja ninachokijua kilimaliza msimu wakulima wakidai, na viongozi wakasema "tofauti ya uzito". Magunia yalitoka kijijini na kilo zake, yakafika ghala kuu yamepungua, na aliyebeba pengo ni mkulima. Karatasi ya mjengeko wa bei, yaani bei ya mnada na kila kilichokatwa, ibandikwe ukutani, mistari yote, kila mnada. Ni karatasi moja tu.

Kangomba sasa. Watu wa mjini wanaiongelea kama tabia mbaya, wanasema mkulima hana subira. Naomba tuwe na huruma kidogo. Korosho ni zao la mshahara mmoja kwa mwaka. Umelipwa Novemba au Desemba. Januari mtoto anaanza kidato cha kwanza. Machi umeshaanza kupima matumizi. Julai mtoto anaumwa, au unahitaji vibarua wa kupulizia na wanataka hela leo. Benki haikujui. Jirani anakuja na shilingi elfu moja kwa kila kilo utakayovuna, na anapima kwa bakuli, si kwa mizani. Utafanyaje? Mwenye kangomba anauza riba kwa mtu asiye na mlango mwingine. Serikali imepiga marufuku, imekamata watu, na kangomba bado ipo, kwa sababu Julai bado ipo.

Mdau, Nachingwea

Ndio maana sisi huku Lindi tunawaambia acheni kulala chini ya mkorosho. Ufuta unavunwa Mei na Juni, mnada Juni na Julai. Mbaazi zinafuata Agosti, Septemba. Mwaka wetu una miezi mitatu ya hela, wenu una mmoja.

Mleta mada

Asante sana ndugu wa Nachingwea, umesema kitu ambacho nilikuwa nakitafutia pa kukiweka.

Kwa duka langu ufuta ni muhimu kuliko wingi wake unavyoonyesha. Hela ya ufuta inakuja wakati hakuna hela nyingine. Mkulima mwenye ekari mbili za ufuta hahitaji kuuza maua ya mkorosho. Anapulizia kwa hela yake. Zao dogo linalokuja Juni linaokoa bei ya zao kubwa linalokuja Oktoba. Hili sijaliona kwenye takwimu za mkoa, maana pale ufuta unaandikwa kwenye mstari wake na korosho kwenye mstari wake, kama vile havikutani kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Lakini tusiishie kwenye kuhesabu mazao. Mnakumbuka mbaazi za 2017? Watu walikuwa wamelima kweli kweli kwa sababu bei ilikuwa imepanda juu ya shilingi 2,000. Agosti mwaka ule India ikaweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, tani 200,000 tu, na bei huku ikaporomoka chini ya shilingi 500. Kuna waliozirudisha nyumbani wakala mboga mwaka mzima. Ukiwa na mazao matatu yenye mnunuzi mmoja, bado una mnunuzi mmoja.

Mdau, Dar es Salaam

Wakuu mbona mnaongea kama Mtwara ni korosho tu? Kuna gesi, kuna kiwanda cha saruji, kuna bandari. Kilimo kilikuwa uchumi wa baba zetu. Mkoa utakuzwa na gesi.

Mleta mada

Kaka, hoja yako ni ya haki na watu wengi wanaifikiria hivyo. Nikujibu kwa kipimo kile kile: mikono.

Gesi ya Mnazi Bay inaingia kwenye bomba la zaidi ya kilometa 500 mpaka Dar. Bomba lilikamilika 2015. Ni mali kubwa ya taifa, inawasha taa unayosomea uzi huu. Lakini inaondoka bila kugusa mkono wa mtu njiani. Hakuna mpakiaji, hakuna mwenye ghala, hakuna mama wa chakula anayewasubiri wapakiaji saa saba mchana. Mwaka 2013 watu walipotoka barabarani Mtwara kwa ajili ya bomba, wengi waliwaona kama wasioelewa uchumi. Mimi naamini walikuwa wanaelewa jambo moja vizuri sana, kwamba kitu kikipita hivi hivi hakiachi kitu, ingawa vurugu zile ziliumiza watu na sizitetei.

Saruji ni tofauti. Kiwanda kilichofunguliwa 2015 kimepunguza yale mapengo niliyoyataja: fundi wa Masasi sasa anajengea saruji ya hapa hapa. Ona lakini mteja wake ni nani. Mauzo ya saruji vijijini yanapanda Novemba. Nani anazinunua Novemba?

Bandari nayo ina historia yake. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa karanga wa 1947 mpaka 1951, wakajenga na reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Karanga hazikuota walivyotaka, mpango ukafa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki ikisubiri mzigo, na mzigo uliokuja kuitunza ni korosho ya mkulima mdogo, ambaye hakuwemo kwenye mpango wa mtu yeyote. Korosho zikipitia Mtwara, wapakiaji, madereva, mawakala wa forodha na wenye nyumba za wageni wa hapa wanakula. Zikipakiwa malori kwenda kusafirishiwa Dar, zinavuka daraja na mikono yote hiyo inavuka nayo. Ndiyo maana agizo la kuzipitisha Mtwara naliunga mkono hata wasafirishaji wakilalamika.

Mdau, Mtwara Mjini

Habari kaka zangu. Mimi nimebangua korosho kiwandani miaka minne, kiwanda sikitaji. Mnaposema "tubangue hapa hapa" mjue ni kazi gani. Korosho zinachemshwa kwa mvuke kwanza, zinapoa, halafu unakaa kwenye kimashine, mguu unakanyaga, mkono unaweka korosho katikati ya visu viwili, ganda linapasuka. Maji ya ganda yanaunguza. Tunapaka mafuta ya kula na majivu mikononi, bado vidole vinabanduka. Unalipwa kwa kilo ya nzima, zilizovunjika hazihesabiwi sawa. Wiki ya kwanza nilipata hela ya nauli tu. Baadaye nikazoea, nikasomesha mdogo wangu mpaka chuo. Kisha kiwanda kikafungwa, tukaambiwa mzigo umeisha. Ilikuwa Mei.

Mleta mada

Dada yangu, ahsante kwa kuandika. Naomba kila anayetoa hotuba ya viwanda asome maneno yako kwanza.

Hiyo "Mei" uliyoitaja ndiyo kiini cha tatizo la ubanguaji, na nimechelewa sana kulielewa. Nilidhani viwanda vinakufa kwa uzembe. Kuna uzembe, ndiyo. Miaka ya sabini na themanini vilijengwa viwanda 12 kwa mikopo, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea na kwingineko, wakati huo huo mavuno yanaporomoka. Mashine zilikuwa kubwa, korosho hazipo. Vingi havikuwahi kushiba, vikaja kubinafsishwa, na vingine vikageuka maghala ya kuwekea korosho ghafi zinazosubiri meli.

Lakini hata leo korosho zikiwa nyingi, hesabu ya mbanguaji wa hapa ni ngumu. Korosho zinauzwa kuanzia Oktoba hadi Januari. Mwenye kiwanda anayetaka wafanyakazi wake wawe na kazi mwaka mzima, lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi hiyo mitatu au minne. Anakopa benki, anajaza ghala, na riba inatembea kila mwezi korosho zikiwa zimekaa. Kwenye mnada huo huo anashindana na msafirishaji wa ghafi, ambaye hela yake inazunguka ndani ya wiki chache na kurudi kununua tena. Akiishiwa hela ya kununulia, kufika Mei anafunga geti. Dada anarudi nyumbani.

Serikali inatoza ushuru wa kusafirisha ghafi: asilimia 15 ya thamani, au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Nia ni kumpa nafuu anayebangua hapa. Asilimia 65 ya fedha zile ilikuwa inarudi kwenye zao, kwenye pembejeo na utafiti, mpaka sheria ya mwaka 2018 ilipozielekeza zote Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni mwaka ule na nakumbuka tulivyojazana kwenye redio. Ni kweli kuanzia msimu wa 2021/22 salfa ya ruzuku imekuwa ikigawiwa bure, na mavuno yamepanda kiasi kwamba msimu wa 2024/25 ulivuka tani 400,000 na bei za mwanzo zikapita 4,000 tena. Nashukuru kwa dhati. Ila mavuno yakipanda na ubanguaji ukabaki palepale, maana yake tunaongeza maganda kwenye meli.

Ningekuwa na sauti, sehemu ya ushuru ule ningeiweka iwe mtaji wa kununulia mzigo, kwa riba ndogo, kwa wabanguaji wa hapa, wakiwemo vikundi vya akina mama wanaobangua majumbani. Kongani ya viwanda, yaani eneo la viwanda vya pamoja, ya Maranje huku Mtwara ni hatua, na naiombea. Majengo tumeshawahi kuyajenga. Tulichokosa ni korosho ndani ya ghala la kiwanda mwezi Mei.

Mdau, Tandahimba

Mkuu nakubali. Swali la uchokozi kidogo kwa nia njema: wewe mwenyewe hela ya duka lako inavuka daraja au haivuki?

Mleta mada

Inavuka, ndugu yangu. Nimekaa jana usiku nikapiga hesabu kwa sababu nilijua mtu ataniuliza.

Tairi, cheni, plagi, betri, bolti, vyote naagiza Kariakoo, na huko vimetoka China na India. Kwa kila shilingi elfu kumi ninayouza, zaidi ya elfu saba inarudi njia ile ile ya basi la usiku. Inayobaki ni posho ya kijana wangu wa kufunga vipuri, kodi ya fremu, mama wa chakula, ada za wanangu, na ushuru wa halmashauri. Ni ndogo, lakini ipo.

Kitu kimoja kimebadilika. Zamani nilikuwa nauza keria za pikipiki za kuagiza, zile za nyuma za kubebea mzigo. Nyepesi, gunia la korosho la kilo themanini likikaa mara tatu kwenye barabara ya Newala linapasua vyuma. Kuna kijana wa kuchomelea hapa nyuma ya soko akaniambia, "Kaka, mimi nakutengenezea ya nondo." Ya kwanza ilikuwa nzito mno, ikampindia mteja sehemu ya nyuma ya pikipiki. Ya pili akabadilisha pembe. Sasa ananitengenezea kumi, kumi na mbili kwa mwezi msimu ukikaribia, na ameajiri mdogo wake. Chuma bado kinatoka Dar, lakini mkono ni wa Masasi.

Juzi Jumamosi nimeuza mbili kwa kijana wa Nachingwea aliyekuja kubebea ufuta. Amelipa taslimu, mwezi wa sita.